Majina Kumi na Saba, Simu Moja

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi. Nasema mapema ili usisome hadi katikati ukidhani mjinga ni Winny, maana mimi mwenyewe nilifika mpaka Jumamosi saa nane mchana nikidhani hivyo hivyo.

Jina langu Waswa. Nina kibanda cha kutengeneza simu Nyamasaria, hapa Kisumu, kando ya barabara ya Nairobi, na chumba cha kupanga Migosi. Kabla ya hapo nilikuwa mwandishi wa programu katika kampuni moja Nairobi, miaka miwili na miezi mitatu, mpaka Ijumaa moja jioni nilipobadilisha kitu kidogo bila kumwambia mtu. Jumatatu asubuhi wateja elfu mbili wakaamka wote wanaitwa Waswa. Waliponifukuza walinipa barua na chupa ya soda. Soda niliinywa, barua ninayo mpaka leo. Ungefikiri mtu aliyeungua Ijumaa moja ataogopa Ijumaa zote. Ngoja.

Kazi ninayotaka kuisimulia haikuwa na mshahara. Tulikuwa watatu wa kujitolea. Wa kwanza ni Metrine Nanyama, anayetunza faili za wagonjwa hospitalini, mtu wa kwetu upande wa Bungoma, na ndiye aliyeanzisha jambo lenyewe. Wa pili ni Winny, mzaliwa wa hapa ziwani, ambaye riziki yake ni kuchora mabango ya maduka. Wa tatu ni mimi. Mimi niliandika programu, Winny akachora kile ambacho mtu anakiona na kukigusa, na Metrine alihakikisha hatuuani.

Shida tuliyotaka kuitatua ni ya omena, dagaa wa ziwa letu. Wavuvi huivua usiku kwa taa, asubuhi wanawake huinunua na kuitandaza ufuoni juu ya nyavu kuukuu, na jua likiwa zuri, jioni inakunjwa imekauka. Mvua ikiikuta pale chini, basi. Inalainika, inanuka, na kutoka hapo imeacha kuwa chakula cha watu, imekuwa chakula cha kuku. Lakini mvua ya mchana ina tabia. Mara nyingi huanzia upande wa Nyakach, huko ukishuka Katito kuelekea majini, kisha hutambaa kando ya ziwa kuja huku mjini. Ufuo wa kule ukilowa, ufuo wa huku umebakiwa na kama dakika arobaini. Dakika arobaini zinatosha kukunja kila kitu na kupiga umbea kidogo.

Kwa hiyo programu yetu ilikuwa na kazi moja. Mtu wa ufuo wa kwanza abonyeze simu, na king'ora kilie ufuo wa pili. King'ora chenyewe nilikiunda kwa mkono wangu, kijisanduku cha mbao chenye spika ya redio ya gari. Nilikipenda kama mtoto.

Metrine alituwekea sheria moja tu, na aliitoa kazini kwake. Hakuna badiliko litakaloingia kwenye programu bila jicho la pili kulisoma. "Hospitalini hata maji ya drip yanasomwa na watu wawili," alisema. "Na hayo ni maji na chumvi. Wewe unatuwekea nini humo ndani, Waswa? Hata hatujui."

Nilikubali. Kukubali hakujawahi kunishinda.

Ugomvi ulianzia kwenye skrini. Ya kwanza niliichora mimi, na nilijaza humo kila kitu ambacho akili yangu inakipenda: kiwango cha mvua, upande wa upepo, saa, jina, namba ya siri, na ramani ya ziwa inayozunguka ukiigusa. Tulikuwa tumekaa kwa Metrine, Jumapili, mbele ya chai. Winny aliishika ile simu kama mtu anayeshika samaki asiyemwamini.

"Waswa, hii ni ya kumwonya mtu mvua, ama ni ya kumfanyia mtihani?"

"Ni ya kukusanya habari kamili."

"Mtu amelowa, wewe unamuuliza upepo ulikuwa unatoka wapi?"

Wiki iliyofuata alileta ya kwake. Kitufe kimoja, rangi ya wingu zito, kinajaza skrini yote kutoka pembe hadi pembe. Juu yake maneno matatu: MVUA IKO KWANGU. Hakuna kingine.

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. "Winny, hii ni programu ama bango la kinyozi?"

"Bango la kinyozi hata mlevi analielewa, Bwana Waswa. Yako wewe mwenyewe unaieleza dakika kumi, na bado una jasho."

Metrine alipiga kura na kura yake ilitosha. Kitufe kikashinda. Lakini mimi sikuacha. Nyuma ya kile kitufe niliweka utaratibu wangu: kila mwanamke ajiandikishe kwa jina lake, awe na namba yake ya siri, na programu ihesabu nani ameonya mara ngapi. Nilitaka kujua. Nikiulizwa leo nilitaka kujua ili iweje, sina jibu zuri. Winny alipaka mlango rangi, mimi nikautia kufuli kwa ndani, na wote wawili tukadhani tumejenga nyumba moja.

Kisha Winny akaenda kule ufuo wa kwanza, akakaa siku tatu, akarudi na daftari lenye kurasa kumi na nne, nusu yake michoro. Alituomba tulisome lote. Nilimwambia nimesoma. Nilikuwa nimefika ukurasa wa tatu, ambapo alichora kuku akidonoa omena, nikasema moyoni huyu msichana ameenda kutalii.

Sasa nikueleze kuhusu Seline, kwa sababu hasara ya hadithi hii si yangu, ni yake.

Seline ndiye mwenyekiti wa wanawake wa omena katika ufuo wa huku mjini. Kabla yetu, walikuwa na desturi ya zamu. Kila siku mwanamke mmoja haaniki chochote. Anasimama mwisho wa ufuo, ameyapa maji mgongo, anaangalia mawingu ya Nyakach. Akiona baya anapiga kelele. Siku ya zamu yako huna biashara, umekuwa macho ya wenzako. Hakuna aliyeipenda zamu, na hakuna aliyethubutu kuiacha.

Tulipompelekea kile kijisanduku, Seline alikizungusha mikononi, akakinusa, akaniuliza, "Hiki kinalala?"

"Mama Seline, hiki hakilali."

"Mimi nina mume alikuwa anasema hivyo hivyo, na alikuwa askari wa usiku."

Wanawake wakacheka, nami nikacheka. Lakini yeye akawageukia wenzake, na sauti yake ikabadilika. Alisema kuanzia kesho hakuna zamu. Kila mtu aanike. Yeye ndiye atakayesimama na hiki chombo. "Kikituangusha msimtafute Waswa. Mnitafute mimi. Kiti cha mwenyekiti nitaamka nikiache hapo."

Kwa wiki tatu, ukitoa siku za mbalamwezi ambazo omena haivuliwi, chombo hakikulala. Mvua ilikuja mara nne na mara nne ilikuta ufuo mtupu. Seline alianza kuniita mkwe. Nilitembea Migosi kifua mbele kama jogoo wa kununuliwa.

Halafu ikaja Ijumaa yangu.

Jioni hiyo nilifungua kumbukumbu za programu ili nijifurahishe na hesabu zangu. Nikaona kitu. Alhamisi mchana, kutoka ufuo wa kwanza, zilikuja taarifa kumi na saba. Majina kumi na saba, ndani ya dakika nne. Zote kutoka simu moja.

Moyo uliruka kama wa polisi aliyeona gari bila taa. Niliporudi nyuma nikakuta ni hivyo hivyo kila mara: mvua moja, majina mengi, simu ile ile. Mtu mmoja amekaa mahali anajifanya wanawake kumi na saba! Sikuwa na jina lake, nilikuwa na namba yake tu. Kwamba ile Alhamisi mvua ilinyesha kweli, na kina Seline wakakunja kwa wakati, hilo nililiita bahati.

Niliandika sheria mpya: simu moja, jina moja, anayezidisha afungiwe. Na ili nisimwache mwizi wangu hata usiku mmoja, niliiandika ile namba kwa mkono kwenye orodha ya waliozuiwa, tarakimu kwa tarakimu. Nikaongeza na ujumbe wa kumtokea akibonyeza. Ujumbe huo niliuchagua kwa furaha, utauona mbele.

Jicho la pili? Winny alikuwa juu ya ngazi Kibuye anamalizia bango la duka la mbegu. Metrine alikuwa zamu hospitalini. Nikajiambia jicho la pili liko juu ya ngazi, na mwizi hangoji. Nikaingiza.

Kisha nikaandika kwenye kikundi chetu: "Nimemshika mwizi!"

Metrine akajibu, "Mwizi wa nini? Wa mvua?"

Nikaeleza. Akaandika tena: "Umemuuliza mtu wa huko?"

Nikamtumia picha ya polisi anayecheka. Nikalala usingizi mtamu. Usingizi wa mjinga hauna mbu.

Jumamosi saa nane mchana nilikuwa kibandani, nimefungua tumbo la simu ya mwalimu mmoja, tundu la kuchajia limelegea. Nusu ya simu zinazoletwa kwangu zina ugonjwa huo, nami huzitibu bila kuziuliza zimetoka wapi. Nikainua kichwa nikaona upande wa Nyakach kumekuwa kweusi. Nikaitazama programu. Kimya. Nikatabasamu. Unaona? Nikajiambia. Bila yule mwongo hakuna kelele za bure.

Tone la kwanza lilipiga bati juu ya kichwa changu. La pili likaja na ndugu zake wote.

Simu yangu ikalia. Ilikuwa Seline. Nilisikia mvua kwanza, kisha yeye, taratibu kama mtu anayesoma tangazo la msiba.

"Waswa. Chombo chako kimelala."

Nilipofika ufuoni mvua ilikuwa imekwisha na jua limerudi, jua la kejeli. Wanawake walikuwa wameinama juu ya nyavu, wanakusanya kwa mikono kile kilichokuwa kinang'aa kama vipande vya kioo asubuhi. Sasa kilikuwa tope la kijivu. Hakuna aliyenitukana. Mmoja tu alisema, bila kuinua kichwa, "Kuku wa Kisumu leo wana harusi," na hakuna aliyecheka.

Seline alikuwa amekikumbatia kile kijisanduku. Alikuwa amekifunika kwa leso yake mwenyewe kisilowe. Hilo lilinichoma kuliko tusi lolote. Omena yake ilikuwa imeharibika miguuni pake na yeye alikuwa amekifunika chombo changu.

"Kesho baada ya kanisa tunakaa," alisema. "Uje. Ulete mdomo, usilete kompyuta."

Winny alikuwa pale kabla yangu. Aliwasaidia kukunja, sketi imelowa mpaka magotini, bado ana rangi ya kijani ya duka la mbegu kwenye kucha. Nikamfuata nikiwa na maneno yangu tayari. Nilitaka kumwambia kitufe chake kilikuwa rahisi mno, ndiyo maana mwizi aliingia.

Akanitangulia. "Waswa, ulisoma ukurasa wa tisa?"

"Nilisoma daftari lote."

"Ukurasa wa tisa una picha gani?"

Nikafikiri. "Kuku."

"Kuku ni ukurasa wa tatu."

Akalitoa daftari kwenye mfuko wa plastiki, akanipa, akarudi kwenye nyavu. Nililisomea pale pale, nimeketi kwenye ukingo wa mtumbwi uliopinduliwa.

Ukurasa wa tisa ulikuwa na mchoro wa kibanda. Juu ya paa kuna sola moja. Ndani, simu zimening'inia kwa nyaya zao kama popo. Mbele yake mwanamke ameketi kwenye kiti cha plastiki, mguu mmoja umenyooshwa juu ya ndoo, na mkono wake ameuweka kwenye spika ya redio iliyo kando yake. Chini Winny ameandika kwa ule mwandiko wake wa mabango, unaosomeka hata ukiwa unakimbia. Huyu ni Dorca. Mguu wake mmoja ni mbaya, aliacha kuanika zamani, sasa anachaji simu za ufuo mzima. Wanawake humwachia simu alfajiri na kuzichukua jioni, kwa sababu simu zimekesha nao usiku wakingoja mitumbwi, na kwa sababu mikono yenye magamba ya omena haishiki simu. Mchana ufuo huo una simu moja tu iliyo macho, nayo ni ya Dorca. Yeye ndiye mwenye mikono iliyo huru. Yeye ndiye anayeona wingu.

Na mbona majina kumi na saba? Hilo nalo aliliandika. Kwa sababu programu ya Waswa inahesabu majina. Wingu likitokea kila mwanamke anapiga kelele kutoka kwenye wavu wake, "Dorca, na mimi!", maana hakuna anayetaka isemwe kwamba wenzao wa mjini walionywa na majirani zake wote isipokuwa yeye. Ukibonyeza kwa jina la mmoja ukamwacha mwingine, jioni utamjua. Basi Dorca anabonyeza kwa wote, mmoja mmoja, ili kuwe na amani. Namba zao za siri ameziandika ukutani kwa mkaa.

Mwisho wa ukurasa, maneno yamepigiwa mistari miwili: PROGRAMU IWE YA DORCA. TUSIHESABU MAJINA.

Mimi ni fundi wa simu. Nimezifungua simu za watu wa ziwani kwa mamia, nimepangusa magamba kutoka kwenye matundu yake, na hata siku moja sikujiuliza mchana simu hizo hushinda wapi. Nilidhani kazi ya Winny ni kupaka rangi kile ninachojenga. Kumbe yeye alikuwa ameenda kuona mikono ya watu iko wapi saa ile wingu linapotokea, na mimi nilikuwa nimejenga kitu kizuri sana kwa ajili ya mikono isiyokuwepo.

Tuliifungua ile namba pale pale kwenye mtumbwi, Winny akisoma kila mstari nilioushika, kidole chake cha kijani kikinifuata. Jicho la pili. Lilichukua dakika sita. Dakika sita ndizo nilizokosa Ijumaa.

Kwa hiyo ungedhani Jumapili nilienda na unyenyekevu. Nilienda nao, ndiyo. Ulinitoka katikati ya kikao.

Tulikaa ufuoni kwenye mabenchi ya mvuvi mmoja. Metrine alikuwepo, bado na nguo za kanisani, na Winny, na wanawake kama thelathini. Mwisho wa ufuo kulikuwa na mwanamke amesimama, ameyapa maji mgongo, anaangalia Nyakach. Zamu ilikuwa imerudi. Hakuna aliyeitaja.

Na Dorca alikuwepo. Alikuwa ametoka kwake asubuhi, na mguu wake ule, hakuitwa na mtu. Alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa chaja. Kabla hata hatujasalimiana vizuri aliitoa simu yake akamkabidhi Metrine.

"Soma, nyathina, mwanangu. Soma kwa sauti."

Alikuwa ameuhifadhi ule ujumbe. Metrine aliusoma: "Umezuiwa kwa sababu ya udanganyifu. Acha mara moja."

"Jana nimebonyeza mara kumi na saba," Dorca alisema, "na mara kumi na saba imenitukana. Wateja wangu wamenizunguka wanasoma. Miaka kumi na mmoja nachaji simu za watu, hakuna hata moja imepotea, hata ile ya mlevi wetu. Halafu mtoto mmoja wa Migosi ananiita mwongo mbele ya kibanda changu."

Niliomba msamaha. Niliomba vizuri, kwa kusimama. Nilieleza nilivyofanya, kwamba nilifanya peke yangu, kwamba Metrine aliniuliza na nikamjibu kwa picha. Wanawake walisikiliza. Nafikiri kama ningeketi hapo mambo yangekwisha.

Seline alikiweka kile kijisanduku kwenye benchi, katikati yake na Metrine.

"Msamaha tumesikia," alisema. "Omena haijasikia, lakini sisi tumesikia. Mimi nina swali moja. Siku chombo hiki kitamshuku mmoja wetu tena, kitafanya nini? Waswa akijibu vizuri kinabaki. Akijibu vibaya Metrine anakibeba, zamu inaendelea, na kiti hiki namwachia mwenye macho."

Hapo ndipo fundi ndani yangu aliamka. Swali la namna hiyo kwangu ni kama mfupa kwa mbwa.

"Tutatumia alama ya kidole," nilisema. "Programu itajua ni nani hasa."

Mwanamke mmoja aliinua vidole vyake vyote kumi juu. Vilikuwa vimelainika na kuchanika kwa nyavu na maji, magamba yameng'ang'ania. "Hivi? Simu yangu mwenyewe inanikataa tangu asubuhi mpaka nioge."

"Basi sura. Kamera itaangalia sura."

"Kwenye mvua?" aliuliza Dorca.

"Basi simu mbili. Zikikubaliana simu mbili, king'ora kinalia."

Winny hakunitazama. "Ya pili imening'inia ukutani, Waswa. Inachajiwa."

Wanawake walianza kucheka, lakini Seline hakucheka. Aliweka vidole viwili kwenye kile kijisanduku akaanza kukisukuma taratibu kuelekea kwa Metrine. Niliona kinavyokwaruza ubao. Nilimwona na yule wa zamu kule mwisho, na nikaelewa kwamba kila siku atasimama mtu pale, siku yake imepotea, kwa sababu yangu.

"Wandaye," Metrine aliniambia polepole, kama ndugu, "nyamaza kidogo."

Sikunyamaza. Nilikuwa nimechomeka.

"Hapana, ngojeni. Wamama, hebu tuseme ukweli. Makosa yangu nimekubali. Lakini mimi niko Nyamasaria. Dorca yuko kule chini ya Katito. Siwaoni, sisikii mkiitana kutoka kwenye nyavu. Mimi naona namba tu. Majina kumi na saba, namba moja, basi. Yeyote angekaa mahali pangu, hata wewe Mama Seline, hata wewe Winny bila lile daftari, ukiona namba tu, utajuaje? Mniambie. Utajuaje?"

Metrine aliinamisha macho. Winny alikwangua rangi kwenye ukucha. Hoja ilisimama imara hivi kwamba mimi mwenyewe niliipenda. Kijisanduku kilikuwa kimefika ukingoni mwa benchi.

Dorca alinyoosha ule mguu wake mbaya, akasukuma miwani juu ya pua.

"Hiyo namba, wuoda," aliuliza, kwa upole wa mama anayemtafuta mwanawe, "unaikumbuka?"

Niliikumbuka. Unaandika kitu kwa mkono, kwa furaha, hakikutoki. Niliitaja yote tangu sifuri ya kwanza mpaka mwisho, bila kukwama, na nilipofika tarakimu ya kumi ndipo nilipoanza kuona ninapelekwa wapi. Mbele yangu mkono wa Seline ulikuwa umesimama. Kisha ukageuka, ukakishika kile kijisanduku, na kukivuta kurudi upande wake.

"Basi kidole kilichoandika zote kumi kunifungia," Dorca alisema, "kingevunjika kikizibonyeza kunipigia?"